Kompyuta Huandikaje Habari Zake Bila Kuacha Kazi?

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955, mtoto mchanga asipovuta pumzi mara baada ya kuzaliwa, mkunga ana muda wa kama dakika moja tu wa kuanza kumpulizia hewa. Tangu mwaka 2013, chini ya utafiti uitwao Safer Births, ambao hospitali hiyo iliuendesha pamoja na wataalamu kutoka Norway, vyumba vya kuzalia viliwekewa vyombo vidogo vya elektroniki vinavyopima mapigo ya moyo wa mtoto na pumzi anazopuliziwa, na papo hapo kuvihifadhi vipimo hivyo ili watafiti wavisome baadaye. Chombo kimoja, basi, kimepewa kazi mbili: kuangalia na kuandika. Kazi ya kwanza haingoji. Ya pili yaweza kungoja kidogo, lakini isipofanywa kabisa, hakuna atakayeweza kueleza kesho yake nini kilichotokea usiku.

Makala haya hayakusudii kufungua chombo hicho cha Haydom na kueleza kilivyoundwa ndani. Yanakusudia kueleza fumbo lililomo katika kila mashine ya namna hiyo: jinsi gani mashine itaandika habari zake yenyewe, kwa ukamilifu, bila kuichelewesha kazi iliyowekewa? Fumbo hilo limewashughulisha wahandisi wa kompyuta kwa miaka mingi, na mahali linapoonekana waziwazi zaidi ni katika mfumo uitwao Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Msomaji asidhani kwamba Linux ni kitu cha mbali. Kila simu ya Android iliyomo mfukoni mwa mtu sokoni Katesh au Dongobesh inaendeshwa juu ya kiini cha Linux.

Kiini ni ile sehemu ya programu inayotawala vifaa vyote vya kompyuta. Programu nyingine, kama vile ya kupiga hesabu, ya kutuma ujumbe au ya kuonyesha picha, haziruhusiwi kugusa vifaa moja kwa moja. Huomba, na kiini hutoa au hunyima. Miongoni mwa vitu vinavyogawiwa hivyo, chenye thamani kuliko vyote ni muda wa prosesa, yaani muda wa ile sehemu inayotenda amri. Prosesa moja hutenda kazi moja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa programu ishirini zinaonekana kwenda kwa pamoja, ni kwa sababu kiini huzipa zamu fupi fupi, na huzibadilisha upesi kiasi kwamba jicho halitambui. Saa ya ndani hukikumbusha kiini, kwa kawaida kati ya mara 100 na mara 1,000 kila sekunde, kutazama kama zamu ya mwenye kazi imekwisha. Ikiwa imekwisha, au ikiwa pametokea mwenye haraka kubwa zaidi, aliyekuwa akifanya kazi hunyang'anywa zamu apende asipende, na kuwekwa kando mpaka itakapofika tena. Kunyang'anywa zamu huku ndiko kunakoifanya mashine iwe sikivu. Ndiko pia chanzo cha matatizo yatakayoelezwa hapa.

Kiini nacho kina daftari lake. Jambo lolote linapotokea, kama vile diski imeharibika, waya wa mtandao umechomolewa, au kumbukumbu imekwisha, sehemu yoyote ya kiini yaweza kuita kitendo kiitwacho printk na kukikabidhi sentensi moja. Sentensi hiyo huandikwa kwanza katika daftari la duara lililomo ndani ya kumbukumbu, ambalo ukubwa wake wa kawaida ni herufi 131,072. Linaitwa la duara kwa sababu likijaa, maandishi mapya hufuta yale ya zamani kabisa. Kisha sentensi hutolewa nje kwenye konsoli, yaani kioo, au waya wa mfululizo unaokwenda kwenye mashine nyingine, ili binadamu aisome.

Kuandika daftarini ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kutoa nje ndiko kunakochosha. Waya wa mfululizo uliowekwa kwenye kasi ya kawaida ya biti 115,200 kwa sekunde, ambapo kila herufi hutumia biti 10, hupitisha herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari mmoja wa herufi 80 huchukua karibu milisekunde 7. Kwa binadamu, milisekunde 7 si kitu. Kwa prosesa inayopiga mapigo bilioni moja kila sekunde, ni mapigo milioni 7 yanayopita huku ikisubiri herufi ziteremke kwenye waya mojamoja. Na hapo ni mstari mmoja tu.

Mtu angeuliza: kwa nini basi kiini kisiandike nusu ya mstari, kikampisha mwenye haraka, kisha kikarudi kumalizia? Jibu limo katika makufuli.

Kompyuta ya leo ina prosesa nyingi, na zote huigusa kumbukumbu moja. Prosesa mbili zikibadilisha orodha moja kwa wakati mmoja, orodha huvurugika, kama vile waganga wawili wa zahanati wanaoandika kwenye mstari ule ule wa daftari la dawa. Kwa hiyo kila orodha huwekewa kufuli, na mwenye ufunguo peke yake ndiye huigusa. Yapo makufuli ya namna mbili. La kwanza ni la kulala: anayekuta limefungwa hulala, prosesa yake hupewa mwingine, naye huamshwa kufuli likifunguliwa. La pili ni la kuzunguka: anayekuta limefungwa hasogei, prosesa yake huzunguka pale pale ikiuliza "limefunguliwa? limefunguliwa?" mpaka lifunguliwe. Hili la pili laonekana kuwa la kipumbavu, lakini kwa kazi fupi mno ni rahisi kuliko gharama ya kulala na kuamka, na mahali pengine ndani ya kiini, kama vile pale kifaa kinapoikatiza prosesa ghafla, kulala hakuwezekani kabisa.

Kutokana na hayo huzaliwa sheria ambayo kila mwandishi wa kiini huifahamu: anayeshika ufunguo wa kufuli la kuzunguka haruhusiwi kulala wala kuachia zamu. Tuseme prosesa ni moja. Kazi A inashika ufunguo, kisha inaachia zamu. Kazi B inapewa prosesa, inalihitaji kufuli lile lile, inaanza kuzunguka. B haitaacha kuzunguka mpaka A ifungue, na A haiwezi kufungua mpaka ipate prosesa ambayo B inaizungushia. Mashine imekwama, na itabaki imekwama mpaka mtu aizime.

Sasa ugumu wa printk waonekana wazi. Kitendo hiki kiliundwa kiitwe kutoka mahali popote: kutoka kwenye kazi tulivu isiyo na ufunguo wowote, kutoka kwa mwenye kushika funguo tatu za kuzunguka, hata kutoka katikati ya katizo. Chenyewe hakijui aliyekiita ana nini mikononi. Kikiachia zamu katikati ya mstari, chaweza kuwa kimelala na funguo za mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo waundaji wa Linux walichagua njia ifuatayo, iliyotumika kwa miaka mingi. Konsoli ina kufuli lake. Anayeita printk huandika sentensi yake daftarini, kisha hujaribu kuushika ufunguo wa konsoli bila kusubiri. Akiupata, hutoa sentensi nje. Akiukosa, huiacha sentensi yake daftarini na kwenda zake, kwa kuamini kwamba aliyeshika ufunguo ataitoa. Na mwenye ufunguo analo sharti moja: asiondoke mpaka daftari lote liwe limetolewa.

Njia hii ina busara, lakini ina mtego. Msomaji wa Hanang na afikirie ghala la ngano huko Basotu, katika nchi ile ya mashamba makubwa yaliyolimwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Tuseme ghala lina mlango mmoja na sheria moja: anayeukuta ufunguo mlangoni huingiza magunia yake, lakini haondoki maadam kuna gunia lolote nje. Mkulima wa kwanza amekuja na magunia mawili. Anapoingiza la pili, wengine watatu wamekwisha kubwaga ishirini na kwenda zao. Anapoyamaliza hayo, yamebwagwa arobaini. Jioni mkulima yule bado anabeba mizigo ya watu, na ng'ombe wake nyumbani hawajanyweshwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika mashine zenye prosesa nyingi, prosesa moja isiyo na bahati iliweza kunaswa ikitoa habari za wenzake kwa sekunde nyingi mfululizo, huku zamu imezuiwa kunyang'anywa. Kiini kina mlinzi anayechunguza jambo kama hilo: prosesa isipobadilisha kazi kwa sekunde 20, ambao ndio muda wa kawaida uliowekwa, mlinzi hutangaza kwamba imekwama. Na hutangaza kwa njia gani? Kwa printk! Tangazo lake lenye mistari mingi huongezwa kwenye lundo lile lile lililoikwamisha prosesa.

Mwaka 2016 ilijaribiwa dawa iliyoonekana kuwa ya haki kabisa. Kiini hutunza hesabu ndogo kwa kila prosesa: kila ufunguo wa kuzunguka unaposhikwa, hesabu huongezwa moja, unapoachiwa, hupunguzwa. Hesabu ikiwa sifuri, kunyang'anywa zamu ni halali. Basi, badiliko la mwaka huo lilisema hivi: anayeshika ufunguo wa konsoli kwa kujaribu na atazame hesabu, akiona yuko mahali salama, aruhusiwe kuachia zamu kati ya sentensi na sentensi. Msomaji makini atauliza kama hesabu hiyo yaweza kuaminiwa daima. Haiwezi. Viini vilivyotengenezwa bila uwezo wa kunyang'anyana zamu ndani yake huenda visitunze hesabu hiyo hata kidogo, kwa kuwa huko haikuhitajika. Humo, sifuri haina maana ya "salama", bali ina maana ya "hakuna aliyehesabu". Kwa viini vya namna hiyo ruhusa haikuweza kutolewa.

Lakini hata pale hesabu ilipokuwa ya kweli, dawa ilileta ugonjwa mwingine. Mtoaji wa habari aliachia zamu akiwa bado ameshika ufunguo wa konsoli. Mashine ikiwa na kazi nyingi, zamu yake iliweza kuchukua muda mrefu kurudi. Wakati huo wote prosesa nyingine ziliandika daftarini, zilijaribu ufunguo, ziliukosa, zikaenda zake kwa imani ile ile kwamba mwenye ufunguo atatoa. Mwenye ufunguo alikuwa amelala. Daftari la duara likajaa, sentensi za zamani zikafutwa kabla ya kusomwa na yeyote. Zamu iligawiwa kwa adabu, ila habari zilipotea, na kwa daftari la matukio hilo ni kosa kubwa kuliko kuchelewa.

Januari 2018 ruhusa hiyo iliondolewa. Sergey Senozhatsky, mmoja wa watunzaji wa sehemu hiyo ya Linux na aliyekuwa ameileta mwenyewe, ndiye aliyeandika badiliko la kuifuta. Wakati huohuo Steven Rostedt alileta mpango wa kupokezana. Prosesa inayokuta konsoli inatumika haiendi zake mara moja. Ya kwanza kufika husimama mlangoni na kuzunguka. Mwenye ufunguo akimaliza sentensi aliyonayo na kuona kuna anayengoja, humkabidhi ufunguo na kuondoka. Kwenye ghala la Basotu, ni sawa na kusema: ukimaliza gunia lililo begani na ukaona mwenzio mlangoni, mpe ufunguo urudi kwa ng'ombe wako. Mpango huu haupatani na usingizi. Anayengoja anazunguka, na anayengojewa akilala, prosesa ya anayengoja inazunguka bure. Ndiyo maana katika njia hii kunyang'anywa zamu kulizuiwa tena kwa muda wa kutoa habari, safari hii kukiwa na tumaini kwamba muda huo utakuwa mfupi kwa sababu mzigo unagawanywa.

Tumaini hilo lilitosha kwa kompyuta za kawaida. Halikutosha kwa mashine zinazotakiwa kuitikia ndani ya muda uliopimwa, kama vile mkono wa kiwandani, chombo cha kuongozea ndege, au kipimo cha mapigo ya moyo. Kwa mashine hizo hata mstari mmoja wa milisekunde 7 ni mrefu mno, na kwenye mashine yenye prosesa moja hakuna wa kupokezana naye.

Ilikuwa lazima kutenganisha kazi mbili zilizochanganywa tangu mwanzo: kuandika daftarini na kutoa nje. Hatua ya kwanza ilikamilika Desemba 2020, katika toleo la 5.10, kwa daftari jipya la John Ogness lisilohitaji kufuli. Namna yake yafanana na foleni ya kliniki yenye karatasi za namba. Prosesa inayotaka kuandika huchukua kwanza nafasi yake kwa amri moja isiyogawanyika, inayolinganisha na kubadilisha kwa pigo moja, hivyo prosesa mbili haziwezi kupata nafasi moja. Kisha huandika kwa utulivu, na mwisho hugonga mhuri wa "imekamilika". Msomaji wa daftari haigusi nafasi isiyo na mhuri. Hakuna ufunguo, kwa hiyo hakuna wa kulala nao.

Hatua ya pili ilikuwa kumpa kila konsoli mtumishi wake mwenyewe, kazi ya kawaida inayopata zamu na kunyang'anywa zamu kama kazi nyingine, ambayo shughuli yake pekee ni kusoma daftari na kutoa nje. Ilijaribiwa mwaka 2022 katika maandalizi ya toleo la 5.19, ikaondolewa kabla toleo halijatoka. Sababu yafaa kukumbukwa. Mtumishi huhitaji mashine iliyo hai ili apate zamu. Mashine inapozimwa au kuanguka, kiini hakigawi zamu tena, na mtumishi hufa na habari mkononi, zikiwa ndizo habari ambazo mhandisi angezitaka kuliko zote.

Watu wa Katesh wanaweza kulielewa jambo hili bila maelezo mengi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka juu ya mji na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mtu akitaka kuweka kwenye miteremko ile kipimo cha mvua na cha mtikisiko wa ardhi chenye kompyuta ndogo ndani yake, atakihitaji kwa mambo mawili. Siku za kawaida kipime kwa wakati wake na kuandika pasipo haraka. Lakini tope linapokifikia, kiache kila kitu na kupiga kelele, hata kama ni lazima kimsukume aliyekuwa akiandika. Kipimo chenye utulivu wa siku zote, kisichoweza kubadilika katika dakika ya mwisho, kingezikwa pamoja na onyo lake.

Toleo la 6.12, lililotoka tarehe 17 Novemba 2024, lilifikia jibu la namna hiyo. Konsoli zilizoandikwa upya kwa mpango huu huwa na mwenye kumiliki wa daraja tatu. Daraja la kawaida ni la mtumishi, naye aweza kunyang'anywa zamu wakati wowote bila madhara. Daraja la dharura ni la kazi iliyogundua hitilafu kubwa. Hiyo hutoa habari yake papo hapo. Daraja la mwisho ni la kiini kinachokufa. Wa daraja la juu anaweza kumpokonya konsoli wa daraja la chini, lakini si ovyo. Mwenye konsoli huweka alama anapoingia mahali pasipokatizwa, kwa mfano katikati ya kubadilisha hali ya kifaa, na huiondoa anapotoka. Anayetaka kupokonya hungoja mahali salama. Aliyepokonywa, akirudi kwenye zamu yake, hutazama kwanza kama konsoli bado ni yake, na akikuta si yake, hukoma bila kutoa herufi nyingine. Kiini kinachokufa pekee, kikiwa kimekwisha kujaribu njia zote salama, ndicho huruhusiwa kunyakua kwa nguvu bila kujali alama, kwa kuwa wakati huo hakuna kilichobaki cha kuharibu. Ni katika toleo hilihili kwamba uwezo wa Linux kuitikia kwa wakati uliopimwa, uliokuwa umesukwa nje ya kiini kikuu kwa takriban miaka 20 na wahandisi kama Thomas Gleixner, uliingizwa rasmi. Uandishi wa konsoli ulikuwa miongoni mwa vizuizi vyake vya mwisho. Yaonekana ajabu kwamba kazi ndogo ya kuandika sentensi ndiyo iliyochelewesha jambo kubwa kama hilo, lakini kazi ndogo inayoitwa kutoka kila mahali ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kuibadilisha.

Walimu wanaweza kulionyesha fumbo hili darasani bila kompyuta. Wanafunzi watano wapewe hesabu za kufanya, kila mmoja dawati lake, na ubao uwe mmoja na chaki moja. Kila amalizaye hesabu aandike jibu kwenye karatasi iliyo mezani kwa mwalimu, kisha ajaribu kuchukua chaki. Akiikosa arudi kwenye hesabu zake, na mwenye chaki anakili karatasi yote. Baada ya dakika kumi hesabu alizofanya kila mwanafunzi zilinganishwe. Kisha mchezo urudiwe kwa sheria ya kupokezana, na mara ya tatu kwa kumteua mmoja asiye na hesabu awe mwandishi wa ubaoni. Katika mchezo wa tatu, mwalimu amwite mwandishi nje ghafla na atangaze kwamba kipindi kimekwisha. Majibu yaliyobaki karatasini bila kufika ubaoni yahesabiwe.

Kwa wanaopenda tarakimu: waya wa zamani wa biti 9,600 kwa sekunde, kwa biti 10 kila herufi, hupitisha mistari 12 ya herufi 80 kila sekunde. Mistari 240 tu yatosha kumfanya mlinzi wa sekunde 20 atangaze mkwamo, na daftari zima la herufi 131,072 huhitaji zaidi ya sekunde 136 kutolewa nje.